Kabati la Misumari

Juzi, kwa seremala mmoja wa mtaa wa Katoyi, nilimkuta mama wa makamo akigonga kabati jipya kama anayebisha hodi.

"Mama, hii nilifunga na vis, hakuna musumari hata mumoja," seremala akajisifu, akimwonyesha skrubu. "Vita ikikuja, unaitenganisha, unapakia kwa chukudu ya mbao, unasukuma, unakimbia."

Mama akampima toka kichwa hadi viatu.

"Papa, kabati yangu ya kwanza ilikulwa na volkano. Toka pale nanunua tu vya kubeba kwa kichwa: sufuria, godoro nyembamba, viti vya plastiki. Hata televizyo nilichagua kwa kuibeba! Nimechoka. Hii unipigie misumari."

"Na waasi wakirudi?"

"Misumari mirefu, papa. Ifike mupaka ndani ya ukuta."

Seremala akacheka. Mama hakucheka, aliokota nyundo, akamnyooshea.

Nyumbani kwangu, kitu kizito kuliko vyote ni tumbo langu, nalo huwa nalikimbiza bila chukudu. Lakini siku hiyo niliagiza kitanda.

"Ya vis ao ya misumari?" seremala akauliza.

Mama alikuwa ananitazama, nyundo bado mkononi.

Nikasema misumari.