Gari Lililokosa Masi

Fundi Masengo Constant alijifunza umeme katika karakana ya reli ya Kamina, kwenye injini za treni zilizosafiri kwa nadra iliyomwachia mwanafunzi muda mwingi wa kusoma. Baadaye alihamia kwenye magari, ambayo angalau yana adabu ya kufika, hata kama ni kwa kusukumwa.

Asubuhi moja ya mvua lilifika gari la Papa Abedi, mfanyabiashara wa vitenge. Kesho yake adhuhuri binti yake Amida angeozwa Kaniama, na baba ndiye walii. Asipofika, hakuna ndoa. Waipa za kioo cha mbele zilikuwa zimelala tangu juzi, na barabara ile ya udongo haimsamehe dereva asiyeona.

Magwiji wawili walikwisha kulitibu. Wa kwanza aliondoa fyuzi nzima, akaweka nyingine nzima vilevile. Wa pili alibadili mota, kisha akatangaza kwamba mota mpya nayo imekufa, pengine kwa huzuni. Hakuna aliyepima, kupima ni kazi ya watu wasiojiamini.

Masengo, mtu asiyejiamini, alitoa balbu yake ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja aliugusisha kwenye umeme unaoingia katika mota, wa pili kwenye ncha hasi ya betri; balbu ikawaka. Akauhamisha ule wa pili hadi kwenye waya wa mota unaofungwa kwenye bodi, balbu ikazima. Umeme ulikuwa unaingia, ila haukuwa na njia ya kurudi.

“Papa Abedi,” alisema, bisibisi ikiwa katikati ya meno, “mutuka yako inakosa masi.”

Kwa mafundi wa Kamina, masi ni pale waya unapogusa chuma cha bodi ili umeme urudi kwenye betri. Abedi, kupitia bisibisi na lafudhi ya Kiluba, alisikia mesi, yaani misa kwa Kifaransa cha mjini.

“Inakosa mesi?”

“Kabisa. Njo maana esuiglasi inalala,” alisema fundi, akizionyesha waipa.

“Fundi, minyi niko muislamu. Hii mutuka ilibatizwa lini?”

Masengo alitoa bisibisi mdomoni. “Masi, Papa. Ya betri. Ile ingine iko ya padri.”

Akamwonyesha boliti. Kwa heshima ya harusi, Abedi alikuwa amelipaka gari rangi mpya ya kijani, na mpakaji, kwa ukarimu wake, alipaka hata pale waya unapokaa, kisha akaukaza juu ya rangi.

“Rangi haipitishe umeme, hata ikiwa ya harusi. Nitaikwangua, kama kidole gumba tu.”

“Rangi yangu? Bantu ba Kaniama batasema nini?”

“Batafungua kifuniko cha injini? Ao unaozesha injini? Chagua, Papa: rangi kidogo hapa, ao rangi yote mu mutaro.”

Abedi aligeuza uso kama mtu anayesubiri jamaa yake apasuliwe. Masengo alikwangua hadi chuma kikang’aa, akakaza boliti, akapaka grisi. Marehemu mota ikanguruma, na waipa zote mbili zikainuka.

“Fundi,” Abedi alisema akishika usukani, “padri akiuliza, mwambie mutuka ilisali.”

Kufika njia ya Kaniama, mvua ilikuwa imekatika. Waipa ziliendelea kukwaruza kioo kikavu, Abedi hakuthubutu kuzizima.