Adhabu ya Mfalme Mzinzi

Ofisini tulimwita Mizani, maana kazi yake ilikuwa kupanga namba za mchezo wetu wa kompyuta, ule wa wafalme wa kale: jeshi likikosa chakula lipungukiwe nguvu kiasi gani, mfalme akimsaliti malkia apoteze alama ngapi. Kwenye namba hakuna aliyemfikia. Kwenye uongo alikuwa mchanga kabisa.

Nilikaa meza ya jirani, na nilijua ana mwanamke wa pembeni, kwa sababu alinifanya shahidi wake. "Shemeji yako akiuliza, sema tulikuwa wote kazini." Nikakubali, mpumbavu mimi! Tangu hapo nikaishi roho juu, maana shemeji mwenyewe alifanya kazi humohumo: ndiye aliyejaribu mchezo na kusaka makosa.

Wiki ile wachezaji walilalamika. Mfalme akichepuka mara moja tu anapoteza alama arobaini, malkia anamtilia sumu, ufalme unasambaratika. Mizani akashusha hadi tano. Kwetu ukigusa namba lazima uandike sababu, kisha ukae na mjaribu mpitie pamoja. Akaandika: "Malkia hatajua." Wala hakuona kwamba anajisema mwenyewe.

Baada ya chakula cha mchana shemeji akavuta kiti, akaisoma. Kijasho kikamtoka Mizani, na feni inampuliza usoni. Mimi nikajifanya nachapa.

"Baba watoto, hii sababu umeandika wewe?"

"Ee. Si unajua wachezaji walivyolalamika?"

"Na akijua?"

"Basi... tunarudisha arobaini."

"Na akijua, akanyamaza? Miezi miwili anakula naye meza moja, anamsubiri aseme mwenyewe?"

"Hiyo hatujaiweka."

Shemeji hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Akanigeukia. "Shemeji, jana jioni mlikuwa wote hapa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Naapa nilitaka.

"Hapana, shemeji."

Akatikisa kichwa taratibu, akamwambia mumewe, "Asubuhi nilikuuliza kama una lolote la kuniambia. Ukasema huna." Kisha akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

Hapo ndipo Mizani alipoanza kusema. Alisema yote, mbele ya ofisi nzima, jina la mwanamke, siku, nyumba yenyewe, haraka haraka kama anayefukuzwa. Mlango ukafungwa, naye bado anasema.