Miche Iliyokimbilia Darini

Jirani yangu tunamwita Mama Vifungo, na jina hilo amelitolea jasho. Kazi yake ni kuvika vifungo. Unampelekea kipande cha gauni lako, anakata duara, analiweka kwenye mashine ndogo ya chuma, anavuta mkono wa mashine, tak! Kifungo kinatoka kimevaa kitambaa kilekile ulichovaa wewe. Zamani mafundi cherehani walijaa mlangoni kwake wakigombania zamu. Leo dunia nzima inavaa zipu, na zipu ikikwama nguo inatupwa, kwa sababu hakuna tena mtu mwenye subira ya kutengeneza kitu. Yeye bado anafungua kila asubuhi. Chumba cha mbele ni cha kazi, cha nyuma ni cha kuishi.

Mimi nilikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Shule yangu ilikuwa vitabu nilivyovipanga, na kiwanda chenyewe sasa ni duka la simu. Kwa hiyo nina muda. Naenda kwa Mama Vifungo kunywa chai na kulalamika, naye ananisikiliza huku mkono wa mashine ukipanda na kushuka.

Siku moja nilimkuta mikono mitupu. Mezani kulikuwa na kopo la vifungo vya mfupa, na juu yake fundo la kitambaa.

"Babu, hizi mbegu za nyanya za marehemu mama," akasema. "Nimekaa nazo tangu tumzike. Nikichelewa zaidi hazitaota tena."

Moyo uliniruka! Nyanya zile nilizijua. Bapa, zenye mikunjo kama mfuko uliokazwa kamba, ngozi laini, na uchachu kidogo uliokufanya ufumbe jicho moja. Sokoni hazipo. Zilikataliwa kwa kosa la kutovumilia lori. Hizi za sasa ukiangusha moja inadunda, labda sakafu ndiyo itapasuka.

"Nipe nikazipande kwangu nyuma, kuna jua," nikamwambia.

"Wewe? Babu, wewe uliua mti wa ndimu!"

"Ule ulikufa kwa uzee."

"Nawe ukausaidia. Hapana. Hizi hazitoki mikononi mwangu. Aina hii ikipotea, imepotea kwangu."

Shida ni kwamba chumba chake hakina jua. Mbele ya dirisha wamejenga ghorofa, na mwanga uliobaki hautoshi hata kutunga uzi kwenye sindano. Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akajitolea. Huyo ni fundi umeme na hapendi jambo hilo lisahaulike. Alifunga taa mbili ndefu darini, zimenyooka kama reli, nyaya zote zimezikwa ukutani na plasta juu yake. Chini, kwenye meza ya kukatia, wakapanga vikopo vya mtindi vilivyojaa udongo.

Mbegu nyingi zilikuwa zimeshachoka. Chache zikaota, na nyumba ile ikawa kama imepata mtoto. Kila asubuhi miche ilikuwa mirefu zaidi. Shemeji mtu alipiga makofi: "Mnaona umeme huo? Jua lingeweza kazi hii?" Mama Vifungo akaniita kutoka mlangoni, barabara nzima ikasikia: "Babu! Njoo uone, imerefuka kama uzi!"

Nilikwenda mbio, nikaona, nikakaa chini. Kweli ilikuwa kama uzi, na ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Mashina meupe, membamba, yameinama kwa uzito wa majani mawili yasiyozidi masikio ya panya.

"Haikui hii," nikasema. "Inakimbia."

"Inakimbilia wapi?"

"Darini. Taa iko mbali. Mmea ukikosa mwanga unajinyoosha kuufuata, na nguvu zote zinaishia kwenye urefu."

Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. "Eti taa iko mbali! Mimi humu ndani nafumba macho kwa mwangaza, Babu anasema giza!"

"Taa uliifunga kwa ajili ya macho yako. Nyanya haina macho."

Kesho yake mche mmoja ulilala. Mama Vifungo akajaribu kuuinua, ukakatika mkononi. Akautazama kwenye kiganja, sauti ikamshuka.

"Miaka yote hii ilikuwa salama kwenye kopo. Nimeitoa ili niiue mwenyewe?"

Kisha akageuka. "Shemeji, shusha taa."

"Nishushe? Taa ni ya darini! Ining'inie kama mkungu wa ndizi, watu waulize fundi nani?"

"Nitawaambia ni wewe."

"Hilo ndilo ninaloogopa! Na plasta imeshakauka, shemeji. Nianze kubomoa?"

Mama Vifungo akatazama dari, akatazama meza, vile anavyotazama kitambaa kidogo kinachotakiwa kuvika vifungo vingi. Ghafla akaanza kucheka.

"Taa ina cheo, haishuki. Basi tutapandisha miche! Leteni viti!"

Jamani, kazi ilianza! Meza ndogo juu ya meza kubwa. Juu yake makopo ya vifungo, vya shaba, vya mfupa, vya makoti ambayo hayashonwi tena, na juu ya makopo ubao. Kila tulipogusa, makopo yalilia kama njuga. Mimi nilishika miguu ya meza nikipiga kelele za bure, na shemeji, aliyekuwa amenuna, akajikuta juu ya ngazi akitoa amri. Akalaza kiganja chini ya taa, juu ya majani.

"Mkono hauungui. Ongeza kopo! Ongeza jingine! Hapohapo!"

Sasa miche ilikuwa karibu na taa, lakini mashina yalikuwa bado legelege. Nikamwambia Mama Vifungo aihamishie kwenye vikopo virefu, aizike mpaka shingoni.

"Nizike kitu kizima, Babu?"

"Nyanya ndivyo ilivyo. Shina likifunikwa udongo linatoa mizizi. Mama yako hakuwahi kukuonyesha?"

Akavuta kikopo kimoja karibu. "Alikuwa anailaza. Nilidhani amechoka kuchimba."

Akafanya. Vidole vile vilivyozoea vifungo vya shanga vilishika kila mche kwa jani, kamwe si kwa shina, kwa kuwa jani likikatika jingine litaota. Mirefu kupita kiasi aliilaza ubavu, kichwa tu nje. Hata kilele cha ule mche uliokatika alikichomeka kwenye udongo wenye maji, akakisemesha: "Na wewe usijifanye umekufa."

Usiku akawa anazima taa ili mimea ilale. Mchana, kila akimaliza kuvika vifungo vya mteja mmoja, alipanda kwenye stuli na kupitisha kiganja taratibu juu ya majani, maana mche usiotikiswa hauoni sababu ya kunenepa. "Amkeni, wavivu! Mnadhani mko hotelini?" Shemeji akaleta feni ndogo.

"Hii si ya mteja?"

"Inafanyiwa majaribio, shemeji."

Nilikuwa kwangu siku niliyosikia mlango wangu unapigwa kwa ngumi. Mama Vifungo, kanga inaburuzika, mkono mbele kama aliyeungua.

"Nusa! Nusa vidole!"

Nikanusa. Harufu kali, ya kijani, harufu ya jani la nyanya ya kweli iliyoguswa. Tukakimbia sote, mimi na magoti yangu haya. Mashina yalikuwa yamenenepa, yana rangi ya zambarau chini na vinywele vyeupe, majani mapana yamekaa karibukaribu. Kilele kilichokatika kilikuwa kimetoa jani jipya! Shemeji akaja na bisibisi mkononi akiuliza nani amepigwa na umeme, akaona, akavua kofia.

Mama Vifungo akashusha kikopo kimoja, akampa shemeji yake apande uani kwake. Akashusha cha pili, kinene kuliko vyote, akaniwekea mikononi.

"Nyumba moja haitoshi kuishika aina hii, Babu. Ningeimaliza kwa kuificha. Ukiiua, tusisemeshane."

Nikakibeba kikopo barabarani kwa mikono miwili, nikiwafokea wenye pikipiki wanipishe.