Njia Isiyo na Magari ya Kwenda kwa Mama Mkwe

Jamani, mimi nimeshaaibika mara nyingi, nimewahi kufundisha kipindi kizima zipu ikiwa wazi, lakini aibu ya Newala ni ya daraja lake, na hata leo mke wangu akitaka ninyamaze mbele za watu anakohoa tu na kusema, "Niwasimulie?" Basi bora nisimulie mwenyewe. Ila nitasema yangu tu. Ya wenyewe niliapishwa nisiyaseme, na wale walioniapisha bado wako hai na wana nguvu.

Ilikuwa enzi za ruksa, mnazikumbuka, kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka ya Masasi yaliyokuwa na sabuni moja na panya wawili yakajaa redio na mafuta ya nywele, wanunuzi binafsi wa korosho wakaingia na malori utadhani vita, na sisi walimu tuliokuwa na suruali moja ya kazi tukagundua mitumba. Nilikuwa mwalimu kijana, mtu wa kuja kutoka Singida, nimepanga chumba Mkomaindo, palepale Masasi, na jirani yangu mlango wa pili alikuwa Somoe, nesi, mtoto wa Newala. Sitawachosha na mapenzi. Ilifika mahali nikapeleka barua ya posa, nikajibiwa kwamba mjomba wake anataka kuniona kwa macho. (Kule mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kukupenda mpaka akakuvulia koti, mjomba akikohoa vibaya umekwisha.) Mjomba huyu, Mzee Lipande, alikuwa ameshamrudisha kijana mmoja wa benki kwa kosa la kupiga miayo.

Somoe akaniambia, "Panda basi Jumamosi asubuhi, ukifika nyoosha nguo, nenda kwa mjomba saa tisa, jibu unachoulizwa, nyamaza. Mimi natangulia, mama ana shughuli."

Shughuli gani, sikuuliza. Akili yangu ilikuwa kwenye baiskeli.

Maana nilikuwa nayo baiskeli ya gia! Alikuwa ameniuzia mzungu mmoja wa mradi wa maji aliyemaliza mkataba, na pamoja na baiskeli akaniachia maradhi yake: kila jioni alikuwa akinisimulia raha ya kuendesha kwenye barabara za changarawe zisizo na gari hata moja, vilima vinapanda na kushuka, hewa safi, wewe na Mungu wako. Nami nikaanza kusema hivyo hivyo kwa walimu wenzangu, wenzangu ambao babu zao waliendesha baiskeli kwenye changarawe maisha yao yote na magunia mawili nyuma, na hawakuwahi kuiita raha. Basi nikajiambia, nipande basi nifike nimepakwa vumbi la malori ya korosho kama mhogo uliovingirishwa kwenye unga? Nitakwenda kwa baiskeli, nipitie njia za ndani, nifike msafi.

Na nguo nilikuwa nayo. Niliinunua kwenye mitumba ya Masasi, kaptura nyeusi ya kubana, inashika paja kama imechorwa kwa wino, na sehemu ya kukalia ina sifongo nene, kwa hiyo ukitembea unaonekana kama mtoto aliyevishwa nepi. Suruali, shati na koti la posa nikavikunja vizuri kwenye mfuko, nikafunga nyuma. Mpango ulikuwa nibadilishe kichakani kabla ya kuingia mjini. Kichwani nikavaa ile kofia ngumu ya mzungu. Wanafunzi walioniona alfajiri hawakunisalimia, walikimbia.

Sasa, safari ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Nilipumzika, nikapanda mlima nikisukuma (gia ni gia, lakini mlima wa Newala ni mlima wa Newala), na nilipofika juu, malori yakawa yananipita kila baada ya muda na kuniacha natema mchanga. Mbele kidogo nikaona njia inachepuka kulia. Pana, imefagiliwa, changarawe safi inaingia kwenye mikorosho na kupotelea kwenye vilima. Hakuna gari. Hakuna mtu. Hata mbuzi hakuna. Nikasema, hii ndiyo yenyewe.

Palikuwa na matawi mabichi yamelazwa katikati ya njia.

Mnisikilize hapa, maana kwenye matawi ndipo nilipozika heshima yangu. Mtanzania yeyote aliyewahi kusafiri akiona matawi barabarani anajua maana yake: mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikacheka peke yangu, nikasema maskini, lori la korosho limekwama, hii ndiyo faida ya baiskeli. Nikayaruka matawi. Mbele yakaja mengine, mengi zaidi. Nikasema, lo, hili limevunjika ekseli kabisa.

Kisha nikasikia wimbo. Sauti za akina mama wengi, wanaitikiana, na ngoma inadunda. Mtu mwenye akili angejiuliza lori gani linasukumwa kwa ngoma. Mimi nilihuzunika! Nikasema yaani wanaume wamekimbia, wameachia akina mama wasukume gari? Ustaarabu ukanipanda kichwani, nikaweka gia kubwa, kilima kinashuka, upepo masikioni, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote:

"Nakuja, akina mama! Tusukume wote!"

Nikatokea uwanjani. Pale changarawe ikaisha ghafla ukaanza mchanga, ule mchanga wa kule ambao ukikanyaga unazama, gurudumu la mbele likasimama, mimi sikusimama. Nilipita juu ya usukani nikatua kifudifudi hatua chache kutoka kwenye ngoma, ile sifongo ikitazama mbinguni.

Ngoma ikakatika. Sikuona lori. Niliona miguu ya akina mama, mingi, na khanga zikikimbizwa kufunika vilivyokuwa havijafunikwa. Walikuwa makungwi wa unyago, wakinoa ngoma zao kabla ya wari kuletwa kesho yake, mahali ambapo mwanamume hafiki, na ile njia ilikuwa haina watu kwa sababu watu wana adabu.

"Shikamooni," nikasema, mdomo umejaa mchanga.

Hakuna aliyeitikia marahaba.

"Simama!" akasema bibi mmoja mwembamba, ndiye kungwi mkuu wao, Bi Hadija. Nikasimama. Wakaniona vizuri, mbele, na kaptura.

"Kaa chini!" wakasema wote kwa pamoja.

Nikakaa. Bi Hadija akaninyooshea kidole. "Hukuona matawi?"

"Niliyaona, bibi."

"Ukadhani nini?"

"Nikadhani... lori limeharibika."

Mmoja akaangua kicheko, akazibwa mdomo na mwenzake. Na ndipo kutoka nyuma kabisa ya kundi ikaja sauti ninayoijua, maana niliisikia siku moja alipokuja Mkomaindo kumtembelea binti yake nami nikajifanya mtu wa maana:

"Mungu wangu! Si yule mwalimu wa Somoe?"

Mama Somoe. Mama mkwe wangu mtarajiwa, na dakika moja kabla yake alikuwa katikati ya uwanja akicheza. Alivuta khanga mpaka kwenye kidevu, akaingia kwenye mikorosho moja kwa moja. Na mimi nilitamani kuingia ardhini, lakini mchanga ule unazamisha magurudumu tu, binadamu haumtaki.

Walinijadili kwa Kimakonde muda mrefu, na kila mara nikisikia "lori" walikuwa wanashika mbavu. Halafu Bi Hadija akatoa hukumu. Kesho wana shughuli, wageni wengi, mapipa hayana maji, na Newala maji ni bondeni. Mimi nina baiskeli, tena ya gia. Basi nitateka mpaka waseme basi, na nikaapishwa nisimwambie mtu yeyote niliyoyaona pale. Mfuko wangu wa nguo ukabaki kwake kama rehani.

"Bibi, saa tisa ninaitwa na Mzee Lipande. Ni mambo ya posa. Nisipofika nimemkosa Somoe."

"Basi teka haraka," akasema.

Saa tisa, badala ya kukaa mkekani mbele ya mjomba, nilikuwa napandisha mteremko wa kutoka bondeni na madumu manne ya maji, ndani ya kaptura, mji mzima unatazama, watoto nyuma wanasukuma na kushangilia. Na njia lazima ipite mbele ya nyumba ya mjomba. Walikuwa barazani, yeye na wazee wenzake, wananisubiri.

"Mwalimu," akaita. "Si tuna kikao?"

"Shikamoo, mjomba. Nateka maji kwanza."

"Ya nani?"

"Ya kwa mama. Kwenye shughuli yake."

"Nani kakutuma?"

Nikakumbuka kiapo. "Hakuna, mjomba."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka miguuni, macho yakarudi yakasimama katikati. "Na hizo?"

"Nguo za kazi."

Akakohoa. Nilipanda na madumu yangu machozi yananitoka, wallahi, nikijua nimeachwa na mwanamke kwa sababu ya kukwepa vumbi.

Siku ya tatu waliponirudishia suruali, mjomba akaniita. Nilikwenda kuaga tu. Akaniambia mbele ya wazee, "Vijana wa ruksa wanakuja hapa na redio, wanakuja na miwani. Zamani mkwe alikuwa anakuja na mikono yake, anawafanyia kazi wakwe kabla hajaulizwa. Nilidhani nitakufa sijaona tena. Mchukue binti."

Wazee wakaitikia. Somoe, aliyekuwa nyuma ya mlango na ambaye makungwi walishamweleza kila kitu, nilimsikia akibanwa na kicheko mpaka akatoka nje. Mimi niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kwa hiyo nilioa. Baiskeli niliiuza, na tangu hapo nikiona njia nzuri haina mtu, nasimama nasubiri apite mwenyeji nimuulize, hata kama ni mpaka magharibi. Lakini mama mkwe ndiye mama mkwe. Miaka yote hii hajawahi kunitazama usoni, wala mimi sijathubutu. Tukikutana njiani lazima mmoja wetu aingie kwenye mikorosho mpaka mwenzake apite, na kwa kuwa yeye ni mtu mzima na miguu inamsumbua, anayeingia ni mimi.