Mrija wa Hadia

Leo sokoni Garsen nilikaribia kugombana na mama nisiyemjua.

Alisimama akikitazama kichwa cha binti yangu, Hadia, chenye kovu la upasuaji. Mnajua nilivyochoka na macho ya watu.

"Dada, unatazama nini?" nikamuuliza.

Akafunua leso aliyombebea mwanawe. Kichwa kimevimba, kama cha Hadia kabla hajawekewa mrija wa kupunguza maji kichwani.

"Huko kwetu Wenje wanasema ni mapepo," akasema. "Wako alitibiwaje?"

Hasira zote zikaniisha. Nikauchukua mkono wake, nikauweka nyuma ya sikio la Hadia, akaugusa mrija chini ya ngozi.

"Ni maji, dada. Na yanatolewa."

Akalia.

Kesho asubuhi tunaenda hospitali pamoja. Mumewe hataki. Huyo niachieni mimi.

Kama una mtoto wa hivi, usimfiche. Niandikie.