Mbelu na kuku ya mukubwa

Batu banasema Mbelu ni mukali. Uongo. Mbelu ni mutu asiyesahau, basi.

Bwana yake alikufa mu mugodi mwaka 1974. Matanga haijaisha, Tshilombo, mukubwa wa serikali hapa Kolwezi, akapiga muhuri moja: lupango ya mujane, nyumba na mihindi yote, akapatia ndugu yake mwenyewe.

Mbelu akaenda kupika kwa konsuli, muzungu mwenye kuandikia inchi yake habari ya bakubwa betu. Na Tshilombo alikuwa anatafuta safari ya masomo kule Ulaya. Neno ya konsuli njo ingemupeleka.

"Patron, ule mutu aliniibia lupango," Mbelu akasema.

"Hapana, mama. Tshilombo ni mupole. Bakubwa benu mi nabajua, bote banakula kwangu. Angalia vile anashika kanya na kisu!"

Kumbe! Haki ya mutu inapimwa na kanya, uma ya mezani.

Siku ya Mungu saa sita, Tshilombo akakuja kula, koti yake ya abakosti imepigwa pasi mpaka inang'aa. Mbelu akaleta bukari, ugali yetu, na kuku. Sasa, kwetu Baluba wa Kasai, firigisi ya kuku ni ya mwanaume wa heshima. Ukimunyima, umemwambia yeye si mwanaume. Konsuli hakujua ile. Tshilombo, Muluba kama Mbelu, alijua sana. Akageuza paja, akageuza shingo.

"Iko wapi?"

"Nilipatia chauffeur ya motokari yako, citoyen. Nilitafuta mwanaume, nikaona yeye."

Weh! Sahani ikaruka, muchuzi ikamwagikia konsuli. Tshilombo akanyooshea Mbelu kidole, akapiga kelele mu Kifaransa, konsuli akasikia yote: "Nilikufukuza mu lupango, nitakufukuza na mu Kolwezi!"

Konsuli akapangusa shati, akamuonyesha Tshilombo mulango.

Kesho yake Tshilombo akasimama ku mulango ya jikoni.

"Mama Mbelu, sema na konsuli. Mwambie ilikuwa muchezo."

"Mama? Tangu lini? Andika kwanza karatasi ya lupango yangu."

Akaandika pale pale, juu ya gunia ya unga, akapiga muhuri.

"Sasa utasema naye?"

"Nitasema."

Hakusema hata neno moja. Safari ikapewa mutu mwingine, na mi nasema ilifaa. Mbelu alivua aproni saa ile ile ya muhuri, akafika ku lupango na karatasi mu mukono, akakuta ndugu ya Tshilombo anakula. Hakungojea amalize.