Mahindi ya Nyuma ya Magunia

Mwaka ule nilikuwa nalala kwenye gereji ya mzee mmoja aliyeuza mahindi kule Kibomet, Kitale. Kabla ya hapo nilikuwa nimeosha magari Matisi na kubeba matofali Kiminini, na kila mahali niliondoka kabla sijazoeleka. Mzee alinipa godoro na chakula, na kazi yangu ilikuwa moja: kuwamaliza panya. Walikuwa wametoboa magunia, kisha wakahamia kwenye pikapu yake na kutafuna nyaya hadi taa zikakataa kuwaka.

Shule niliiacha mapema, lakini jambo likinikamata akili siliachi. Jioni nilinyunyiza unga sakafuni ili asubuhi nisome nyayo. Nikagundua kwamba panya hapiti katikati ya chumba, anaambaa na ukuta. Nikagundua tundu la kidole gumba linamtosha. Niliziba matundu kwa simenti na waya wa kusugulia sufuria, nikategesha mitego, na kila nilichogundua nilikitangaza mezani.

Mke wa mzee hakupenda. Kwao Bungoma, kama kwa watu wengi niliokaa nao, panya hatajwi wakati anategwa. Wanasema anasikia, na atakuja kulipiza kwenye nguo zako.

"Wewe kijana una mdomo," aliniambia. "Kila jioni unawatangazia. Sasa watashikwa saa ngapi?"

"Mama, panya hajui Kiswahili."

"Ati hajui! Na shati lako limetafunwa na nani?"

Lilikuwa limetafunwa kweli, kwapani. Mzee alicheka hadi akamwaga chai.

Mwezi wa nane ulipofika, ilikuwa zamu ya kijana wa ndugu yake mzee kutahiriwa huko Bungoma. Ndugu hao wawili walikuwa hawasalimiani tangu shamba la baba yao ligawanywe. Lakini safari hii ndugu alituma mtu kumwalika, na mzee akaamua kupeleka gunia la mahindi, wageni wasagiwe unga wa ugali. Gunia lile ndilo lilikuwa salamu.

Asubuhi ya safari mama alikuwa sokoni. Mzee aliliangalia gunia, akaona halijajaa vizuri. Akachukua ufagio, akakusanya mahindi yaliyotawanyika nyuma ya magunia mengine, akayapepeta kwa ungo, akayamimina juu na kushona. Nilimsaidia kulipandisha kwenye pikapu. Akaondoka akipiga mluzi.

Mama aliporudi alipitia gereji kwanza. Akasimama.

"Nani amefagia hapa?"

"Mzee. Alikuwa anajaza gunia la Bungoma."

Aliweka kikapu chini polepole, kama kimejaa mayai.

"Hayo mahindi yalikuwa na dawa."

Alikuwa amenunua dawa ya unga kwa mchuuzi sokoni, isiyo na rangi wala harufu. Akayapaka mahindi na kuyamwaga kando ya ukuta, kule nilikosema panya wanapita. Mimi hakuniambia kwa sababu ningetangaza. Mzee hakumwambia kwa sababu angecheka.

"Haifai kutaja," alisema. "Na sikutaja."

Tulimpigia mzee. Simu yake ililia chumbani, kwenye chaji. Nambari ya ndugu yake hakuna aliyekuwa nayo. Wangeihifadhi ya nini?

Mama alinishika mkono. "Kimbia. Lakini usiseme mbele ya watu. Unajua watasema nini."

Nilijua. Mtu mliyegombana naye akuletee mahindi yenye sumu kwenye sherehe ya mwanao, nani atauliza habari za panya?

Jirani aliyepajua kwa ndugu alinipeleka kwa pikipiki yake. Tulipita Kiminini, tukateremka Kamukuywa, tukakwama Webuye nyuma ya trekta za miwa. Njia nzima nilijaribu kukisia ni viganja vingapi vya mahindi yenye sumu vilikuwa ndani ya gunia zima, na kama dawa kidogo hivyo inaweza kuua mtu mzima. Kisha nikakumbuka wageni watakuja na watoto, nikaacha kukisia.

Nyumbani kwa ndugu nyimbo za tohara zilisikika kuanzia barabarani. Nilimkuta mwanamke mmoja akinyonyoa kuku.

"Mama, gunia la mzee wa Kitale liko wapi?"

"Limeenda kisiagi kusagwa. Na wenyewe wawili wamelisindikiza pamoja, bana! Leo tumeona maajabu."

Kisiagi kilikuwa nyuma ya maduka. Mashine ilikuwa ikinguruma na watu wamepanga foleni na mabeseni yao. Ndugu wale walikuwa wamekaa benchi moja, magoti yakikaribia kugusana. Msagaji alikuwa ameinua debe la kwanza. Niliinama kwenye sikio la mzee nikanong'ona.

"Nini?" akasema. "Sisikii!"

Debe likainama.

"Usimwage! Yana dawa ya panya!"

Msagaji aliniona napunga mikono, akazima mashine. Maneno yangu ya mwisho yakaangukia kwenye ukimya, na foleni nzima ikasikia.

Ndugu yake mzee alisimama. Hakuniangalia mimi.

"Nani ameweka?"

Nikaeleza mimi: nyaya, mama, mwiko wa kutaja, ufagio. Wanawake wakavuta mabeseni yao nyuma. Mmoja akasema, "Kulishana sumu huanza hivi hivi."

"Ni wewe ulifagia?" ndugu akauliza.

"Ni mimi."

"Ya nini?"

"Gunia lijae. Nilitaka uone limejaa."

"Na jioni ungekula nini?"

"Ugali huo huo. Ningekula wapi kwingine, ndugu yangu?"

Halafu ndugu akaigeukia foleni. "Huyu tangu utoto mama alimkataza kuokota vya chini. Hajawahi kusikia."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Lakini ndugu, aliyekuwa ameyashika mahindi yale, alinawa mikono kwa sabuni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Gunia lilizikwa mbali na kuku, kwenye shimo refu. Walichimba wao wawili kwa kupokezana jembe. Nilipotaka kusaidia wote wawili wakanifukuza. Jioni tulikula ugali wa mahindi ya pale nyumbani. Baadhi ya waliokuwa kwenye foleni walikaa na wageni wengine lakini hawakugusa chakula. Ndugu alivuta sahani yake karibu na ya mzee, akamega tonge kutoka kwa mwenzake, akala wakimtazama.

Niliporudi Kibomet mama alikuwa ameshika geti.

"Wamekula?"

"Wamekula mengine."

Aliendelea kulishika lile geti.

Safari nyingine alipoweka dawa, aliiweka ndani ya kisanduku kilichopigiliwa misumari. Kisha akasimama mlangoni pa gereji akatuita sote, hadi jirani wa ng'ambo ya ua.

"Nimeweka dawa ya panya! Nyuma ya magunia, mkono wa kulia!"

"Mama," nikamwambia, "na wao wakisikia?"

"Wasikie."